Wimbo Yenye Aliona Haya, Leo Anaitaka

Mama Angélique mupendwa,

Ninakusalimia, na ninaomba unisaidie mawazo sababu yangu imeisha. Barua iko murefu, unisamehe, nilijifunza kuandika kwa basista na hawakunifundisha muzuri mahali pa kusimama, tena ninaandika haraka mbele bwana yangu hajarudi ku mazoezi ya korale, na ninaandika juu ya meza yenye yee hapendi muntu aweke kitu, sasa ukiona wino imemwangika ujue nilisikia viatu mu barabara.

Bwana yangu anaitwa Paulin. Iko monitere ku masomo ya mission, anafundisha batoto hesabu na kuimba, na siku ya Mungu njo anapigaka kinanda mu kanisa na kuongoza korale. Ni muntu muzuri. Ninaisema mbele ya yote juu najua bantu bakiona barua ya mwanamuke mu gazeti banafikiri anapigwa. Hanipigi, hanywi, hatembei na banamuke ya inje. Kitu yenye inanichokesha ni masomo.

Mama, tangu alinioa anasoma. Wakati alikuya kwetu kuniposa alikuwa anasoma solfeji, ile kusoma alama ya muziki, na Padri, akamuambia baba yangu, nikimaliza solfeji nimemaliza. Kiisha ikakuya harmonia. Kiisha kinanda, na sababu kinanda iko paka moja tu na iko mu kanisa, akachora meno ya kinanda juu ya meza yetu ya kulia, yale meupe na yale meusi, na rangi ya mafuta yenye haitoke, na kila mangaribi anakaa pale anapiga meza na vidole, amefunga macho, hakuna sauti, paka vidole inagonga mbao, na sisi tunakulia bukari, ugali yetu, chini ku mukeka juu mafuta ya mboga ya sombe itamuharibia "do" yake. Batoto ya jirani banakuyaka ku dirisha kumuchungulia. Kiisha akapata diploma ya kwanza, tukauwa kuku. Kiisha kukawa ya pili, ile ya kufundisha balimu bengine, maswali ilikuwa inatoka Bulaya mu bahasha, na akasema hii njo ya mwisho, tukauwa kuku tena. Sasa kuna ya tatu, ile inapita diploma, masomo ya juu kabisa ya muziki, na iko ku Beljika kwenyewe, miaka miwili, yee peke yake, na mbele ya kupewa cheti muntu anaandika kitabu mukubwa juu ya muziki ya kabila yake. Nilimuambia kuku ya tatu sitauwa. Akacheka, akafikiri ninafanya mchezo.

Hata ile ningevumilia, nimezoea. Lakini safari hii masomo imeingia mahali yenye haikupaswa kuingia, na hapa lazima nirudi nyuma kidogo ili usikie muzuri.

Sisi ni bantu ya Kasai. Nilizaa mapasa, batoto babili siku moja, tukabaita Mbuyi na Kabanga namna inavyopasa, na tangu ile siku miye jina yangu ni Mwambuyi, na bwana yangu ni Shambuyi, mama na baba ya mapasa, hata muntu mukubwa anatuita vile kwa heshima. Kwetu mapasa habazaliwi kimya. Bamama banakuya na majani na udongo mweupe, banaimba, na nyimbo ya mapasa weye Mama utakuwa umezisikia, ni matusi matupu, mwanamuke anatukana viungo vya mwanaume na mwanaume anamurudishia, mchana, mbele ya bantu yote, na hakuna mwenye anakasirika, juu furaha ya batoto babili iko nzito, bila kuitukana kidogo inaweza kuvunja nyumba. Na baba ya mapasa njo anajibu. Mama akitukana na baba akanyamaza, wimbo imekatika katikati.

Paulin alikataa kujibu. Ile juma njo bazungu ya karte, ile cheti ya serikali yenye inasema muntu mweusi amestaarabika, balikuwa bamesema batapita ku nyumba yetu kutazama kama tunaishi namna ya bantu bastaarabu, kama tuko na kitanda na shuka, kama tunakula na uma, na karte ile njo ilikuwa roho yake, juu bila karte hakuna masomo ya mbele. Bamama bakafika ku parcelle, ku kiwanja yetu, na majani yao, mama mukwe yangu iko mbele. Paulin akatoka na tai mu shingo, akasimama ku mulango akabaambia, bamama, hapa ni nyumba ya monitere, mutaniharibia. Kiisha akafunga mulango. Basi bakaimbia mu barabara. Miye nilikuwa ku kitanda, mutoto huku na mutoto huku, ninabasikia. Banaimba upande wa mama, banasimama, banangoja mwenye kujibu, hakuna, banaanza tena. Mwisho nikajibu miye mwenyewe, chini-chini, maneno ya mwanaume mu kinywa ya mwanamuke, juu niliona haya kuacha wimbo inaning'inia vile. Siku yenye ilifuata bazungu bakapita, bakaona uma, bakaandika. Karte ikakuya.

Kabanga alikamatwa na surua mbele hajaanza kutembea. Mbuyi alikuwa nayo pia, yee akapona. Na kwetu Mama, pasa halilwi. Haisemwi amekufa, inasemwa amerudi, na mama yake akitoa machozi anamuita ule mwenye kubaki amufuate. Sikulia. Niliona banamufunika na udongo, na nilishika mukono ya Mbuyi, na sikulia. Wakati tunarudi, mama mukwe akasema kwa sauti yenye bote balisikia: "Wimbo haikujibiwa." Tangu pale sijaona siku yenye ile neno haikunirudilia.

Nikinunua mukate, mpaka leo ninanunua miwili. Mapasa banapewaka sawasawa, ukimupa moja kitu unamupa na mwenzake, na miye sikujua namna ya kuacha. Na nikiwa ninafua na Mbuyi iko anacheza karibu, ninamuimbia ile wimbo, polepole, upande yangu na upande ya baba yake, nikifikiri labda kidogo-kidogo itajibiwa.

Paulin alinisikia ku dirisha. Siku ya Pasaka korale ikaanza Gloria mupya, yee njo ameitunga, maneno ni Kilatini, na sauti, Mama, sauti ilikuwa ile. Ile ile. Bamama ya Kasai bakaanza kutazamana, bengine bamefunika kinywa na kitambaa, na jirani yangu Mama Bwalya, yee ni Mubemba lakini kwao pia mapasa inaimbiwaka matusi, akaniinamia akasema, "Mwambuyi, Shambuyi wako anajua anamuimbia Mungu nini pale?" Bote balishikwa na kicheko, isipokuwa miye. Miye nilisikia kifua inawaka, nikatoka na mutoto, nikangojea misa iishe nikiwa inje.

Mu kanisa ile siku mulikuwa profesa moja ya muziki, muzungu wa Beljika, alikuwa anapita mu Elisabethville, na ile Gloria ikamukamata. Akamutafuta Paulin ku mulango, akamuuliza umeitoa wapi. Na Paulin, siwezi kumusingizia, akasema kweli: ni wimbo ya mapasa ya kwetu, muke yangu njo anaiimbaka. Profesa akamuambia basi kitabu yako iko pale, nafasi ku masomo ni ya kwako, lakini ninataka wimbo yenyewe namna inavyoimbwa, na maneno yake yote, na sauti ya mama ya mapasa mu mashini ya kukamata sauti. Atapita tena mbele ya mvua kuanza, na mashini yake. Asipoipata, nafasi itaenda kwa muntu mwingine.

Paulin alirudi nyumba na furaha. Akakaa ku meza yake akasema, "Mwambuyi, ni wimbo moja tu. Utaimba mu mashini, basi, imeisha."

Nikamuuliza, "Na nani atajibu?"

Akasema, "Hakuna lazima ya kujibu. Profesa anataka sauti yako weye."

Nikamuambia sitaimba. Akaniuliza sababu, na miye Mama, mwenye kukuandikia mingi hivi, nikachukua ndoo nikaenda ku robine kuteka maji, hata kama nyumbani ndoo ingine ilikuwa imejaa. Tangu pale tunasemeshana paka ya chumvi na sabuni. Juzi akaniambia, bila hasira, na hiyo njo iliniumiza zaidi, "Basi, nitakufa monitere." Na mama mukwe, ule ule mwenye alisema wimbo haikujibiwa, sasa anakuya kila siku na kunishika mikono: imba mwanangu, imba tu, Paulin afike Bulaya, mu ukoo yetu hakuna mwenye alifika kule.

Ninaogopa. Ile wimbo haichezewi, inaimbwa siku ya kuzaliwa ao siku ya kurudi. Nikiimbia mashini bure, tena peke yangu, na Mbuyi akakamatwa na homa kidogo tu, nitajitazama namna gani? Na nikikataa, Paulin atazeeka mbele yangu akipiga meza, na hatanigombeza, ataniangalia tu. Kuna na kitu ingine, hii sijamuambia hata Padri mu kitubio: nimeomba Mungu ile nafasi ipotee. Niliwasha mushumaa juu yake. Kiisha nikarudi nyumba nikamukuta amelala, kichwa iko juu ya meza, vidole ingali juu ya meno ya kuchora, na nilimuhurumia mpaka nikashindwa kumuamsha.

Kunyamaza kwake njo kuliua mutoto? Siku ingine ninaamini, siku ingine siamini, na yote mbili inanichokesha namna moja. Niambie niimbe ao nisiimbe, Mama, na miye nitafanya yenye utasema. Nguvu ya kuchagua sina tena.

Ni miye,
Mwambuyi, Katuba

MAMA ANGÉLIQUE ANAJIBU

Mwambuyi, jambo. Na jambo tena. Miye si muntu ya Kasai, lakini nimeshona pamoja na bamama ya Kasai mpaka nywele imekuwa mweupe, na ninajua mama ya mapasa anasalimiwa mara mbili. Pole juu ya Kabanga. Pole mara ya pili, sababu ninaona mu barua yako hakuna mwenye alikupa hata ile ya kwanza.

Pole imeisha, sasa nitakugombeza.

Unasema unaogopa mashini. Nimesoma barua yako, nimerudilia, na nimekuta mule meza, uma, tai, mulango, kuku babili na mwenye hajauwawa. Woga umeweka kidogo, ku mwisho, sawa chumvi yenye muntu alisahau. Yenye iko mingi ni hasira. Uko na hasira na Paulin tangu ile siku alifunga mulango, na hujamuambia. Alikuuliza sababu, ukachukua ndoo. Mama, mwanamuke mwenye anashika ndoo kila mara bwana yake anamuuliza kitu, atajaza mapipa yote ya Katuba na shauri itakuwa pale pale. Bwana yako amesoma solfeji na harmonia. Kifua yako hajaisoma, na kwa ile hakuna bahasha inatoka Bulaya. Muambie na kinywa, maneno yale yale uliniandikia miye. Usiruke ile ya mulango.

Neno ya mama mukwe, itoke mu nyumba yako leo. Ule mwaka surua ilipita mu mitaa yote ya cité. Nilisindikiza majeneza madogo mpaka viatu ikatoboka, na mu yale majeneza mulikuwa batoto ya bababa benye baliimba, na bababa benye balicheza, na hata mutoto ya katekista. Surua haikusimama ku mulango kuuliza kama wimbo ilijibiwa. Paulin hakumuua Kabanga, na weye usikubali tena kuwaza vile hata ile siku uko na uchungu naye. Kosa yake yenyewe inatosha: aliona haya ya batoto yake mbele ya uma. Ile njo umushitakie. Na mama mukwe, mwenye zamani alikuwa analilia wimbo na leo analilia Bulaya, umupe kiti, umupe chai, masikio yako ubaki nayo.

Mushumaa yako isikusumbue. Mungu alisoma mushumaa, kiisha akakuona unasimama mbele ya muntu mwenye amelala na unashindwa kumuamsha, akajua gani ni ya kweli. Lakini usirudie.

Na weye, Monitere. Najua gazeti hii inafikaka ku masomo yenu na balimu banaisoma mbele ya kengele, na ulipoona meza ya kuchorwa ulijua ni meza ya nani. Vumilia, nitasema mufupi. Wimbo yenye ulifukuza ku mulango wa mbele umeipitisha mulango wa nyuma, umeivalisha Kilatini, umeipeleka kanisani, na sasa unataka ikubebe mpaka Beljika. Kuipenda si vibaya. Nimefurahi uliipenda, hata kama ulichelewa. Lakini uliichukua ku dirisha kwa mwanamuke mwenye alikuwa anafua na anajibu mahali pako. Ungeingia ndani, ungemuambia "nilikosa," ningekuwa sina barua ya kujibu leo. Kusoma si aibu, na kusoma mingi si aibu. Muke yako amekula chini miaka yote hii juu ya vidole vyako, na hakukuuliza hata siku moja ile kinanda inasema nini.

Sasa Mwambuyi, uliniuliza uimbe ao usiimbe. Ninakujibu: usiimbe peke yako. Kidole moja haiui chawa.

Ule profesa alisema anataka wimbo namna inavyoimbwa. Muzuri, amesema kweli kupita anavyojua. Inaimbwa namna gani? Umenieleza mwenyewe: mama anatukana, baba anajibu, mchana, mbele ya bantu. Basi apewe ile, si nusu. Na unasema ni wimbo ya siku ya kuzaliwa ao siku ya kurudi, haiimbwi bure. Fikiri tena, mama. Batoto yako balizaliwa, wimbo ikakatika. Kabanga akarudi, wimbo haikuimbwa. Sababu iko, tena iko mbili, inangoja tu ku parcelle yenu. Hautamuita Mbuyi amufuate mwenzake. Utamaliza kitu yenye ilianzwa.

Mufanye hivi. Paulin mwenyewe, asitume mwanafunzi, aende nyumba kwa nyumba ya bale bamama alibafungia mulango, aanzie kwa mama yake, abaombe bakuye. Tai ibaki nyumba. Mara ya kwanza muimbe bila profesa na bila mashini, muimbie batoto yenu peke yao, na mulango ya nyumba ikuwe wazi. Paulin ajibu upande yake yote, na matusi yote. Akisahau, bamama batamukumbusha, bako nayo mingi na bameyatunza tangu ile siku ya barabara. Akiona haya, aone tu, haya haiuwe muntu. Padri aambiwe mbele. Akikunja uso, mumukumbushe polepole ya kama alikwisha kuiimba siku ya Pasaka na ilimupendeza.

Kiisha profesa akuye na mashini yake, muimbe mara ya pili, kwenu kitu ya mapasa inafanywaka mara mbili. Ile siku weka viti viwili mbele. Kimoja akalie Mbuyi. Ile ingine isikaliwe na muntu, hata profesa. Yee iko na miguu, atasimama. Na mu kitabu yenye Paulin ataandika kule, ku karatasi ya kwanza, mbele ya majina ya balimu yake, iandikwe Mbuyi na Kabanga, na jina yako chini yao. Umuambie ile mbele hajaondoka. Akishafika kule, baridi itamusahaulisha.

Akikataa kujibu, weye usiimbe, na usiombe musamaha kwa muntu. Atafute Bulaya na wimbo ingine, ao abaki monitere. Nani alimudanganya kama kufundisha batoto kuimba ni kufa?

Lakini ninafikiri atakubali. Muntu mwenye amepiga meza bila sauti miaka mingi vile, ile siku atafungua kinywa utashangaa yenye itatoka. Akikubali, umuache aende, kwa roho yako, si kwa midomo. Kuku ya tatu uiuwe, mama, hata kama umechoka. Ni yako kupita ile mbili ya kwanza. Na akishaondoka, ile meza usiifute. Weka bukari juu yake, weka sombe, kaa ku kiti na mutoto wako mule. Mafuta ikimwangika, imwangike. Yee atakuwa na kinanda ya kweli.

Nimebakiza neno moja. Kwenu pasa halilwi, na miye sina ruhusa ya kukuambia uvunje ile. Lakini sijasikia desturi, ya kwenu ao ya kwetu, yenye inakataza mwanamuke kulia wakati bwana yake anapanda treni. Ile siku ku gare usishike ndoo. Mbuyi umuachie Mama Bwalya, na ulie, mpaka treni ipotee, na kiisha ulie ile ingine ya zamani. Bantu batasema huyu mama anamupenda sana bwana yake. Acha baseme vile.